TAHADHARI: Klia ya kupima ya "2K" Kariakoo, hadina yake ni thina tupu

Wakuu mnaopaka maboksi ya pedali za gitaa wenyewe, shikeni pochi zenu. Kuna muuza rangi za magari Kariakoo anauza klia (rangi angavu ya kumalizia) ya kawaida ya kopo moja kwa jina la 2K, ile ya makopo mawili inayochanganywa na hadina, yaani kigumishaji; na "hadina" anayokupa nayo ni thina iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Praima (rangi ya chini ya kushikia) anayoiita ya asidi ni ile ya kijivu ya bodi za magari, tena ya bei ya chini kabisa. Jina la duka silitaji kwa sababu suala liko polisi. Waliokwisha kununua kwake watamjua kwa maelezo tu.

Huyu si tapeli wa kutumiwa hela akazima simu. Huyu anajua kazi, na hapo ndipo anapokuulia. Nilipomwambia ni boksi la pedali saizi ya 125B, swali lake la kwanza likawa: "Bati au alumini ya kusubu?" Nikamjibu alumini. Akatikisa kichwa kama mganga. "Kaka, ukipiga rangi juu ya alumini tupu itabanduka yote. Lazima praima ya asidi iume kwanza." Kweli kabisa! Alumini ikishasuguliwa inajivika utando wa oksaidi muda si mrefu, na rangi ya kawaida haishiki vizuri juu yake. Akauliza namba ya msasa. Nikasema 220, halafu 320. Akasema usivuke 400 kabla ya praima, utaifanya laini mno ikose pa kushika. Nayo kweli. Sasa mtu anayeongea hivyo utamshuku kwa lipi?

Halafu akaleta maonyesho yake. Ukutani kulikuwa kumeegemezwa kipande cha mlango wa gari, cheusi, kinang'aa mpaka unaona meno yako. Akalowesha kitambaa cheupe kwenye thina, akasugua pale pale kwa nguvu, akakikunjua mbele yangu. Kitambaa kisafi. Akaniambia nipitishe ukucha. Haukuingia. "Hiyo ndiyo 2K, kaka. Hiyo ndiyo utakayokwenda nayo."

Jaribio lenyewe ni sahihi, na ndiyo maana inauma. Klia ya kopo moja hukauka kwa thina kuruka tu, hivyo ukiirudishia thina inayeyuka tena na kuchafua kitambaa. Ya 2K ina hadina yenye kemikali ya isosianeti, ambayo inafungana na klia yenyewe, na ikishafungana thina haiifanyi kitu. Kwa hiyo mlango ule ulipakwa 2K halisi. Nilichopimiwa mimi kilitoka kwenye kopo jingine kabisa, ambalo lilikuwa chini ya meza, limeshafunguliwa.

Akamimina kwenye jagi lenye mistari: mililita 400 za klia, kisha 200 za "hadina" kwenye chupa. Mbili kwa moja, uwiano ule ule unaoukuta kwenye makopo mengi ya kweli. Shilingi 38,000, nikatuma kwa simu papo hapo. Risiti? "Mashine ya EFD imegoma mtandao, pita jioni."

Na kabla hamjaniuliza kwa nini nilikubali ya kupima: nani kati yenu ananunua seti nzima? Boksi moja la pedali halimalizi mililita 30 za klia. Seti ya lita moja na nusu lita ya hadina ukishaifungua, hadina inaanza kula unyevu wa hewa, na kwa hewa ya Dar haichukui muda inageuka uji. Nusu yake unaitupa. Kupima ndiyo njia ya mafundi wote wadogo, kuanzia wa pikipiki hadi wa magitaa. Tena aliyenielekeza pale ni fundi wa gereji anayeheshimika. Naye kalizwa vile vile, ila bampa haisemi haraka kama boksi la pedali.

Boksi la pedali linasema haraka kwa sababu linakanyagwa, linakazwa nati, na lina maandishi. Kila kimoja kikafichua chake.

Maandishi ndiyo yalianza. Dekali za maji (stika za kulowesha) zilizochapwa kwa printa ya leza, zimekauka usiku kucha, klia ya kwanza ikapulizwa nyepesi kama ukungu, jinsi inavyotakiwa. Neno GAIN likaanza kuvimba. Mguu wa herufi N ukatambaa pembeni mpaka ukaigusa tundu ya poti (kitufe cha kuzungusha), na ukingo wa dekali ukajikunja. Thina ilikuwa nyingi mno. Ukiichanganya klia ya kopo moja na thina kwa mbili kwa moja, halafu ukaongeza asilimia kumi nyingine kama alivyonielekeza muuzaji, unachopuliza ni maji ya kuyeyushia wino.

Nati zikafuata. Kukaza nati ya jeki (pa kuchomekea waya wa gitaa) kwenye tundu ya milimita 10, washa ikazunguka na rangi yake. Rangi ikachanika duara zima, na chini yake alumini inang'aa, haina hata doa la praima. Praima ya asidi halisi ukiikwangua inaacha kivuli kwenye chuma, haitoki kama ganda la yai. Kwenye swichi ya mguu, tundu ya milimita 12, hali ikawa mbaya zaidi, maana nati ile inahitaji kukazwa sawasawa la sivyo swichi inazunguka na kukata nyaya ndani.

Na kikombe. Mabaki ya 2K ukiyaacha kwenye kikombe cha kuchanganyia, kesho yake unakuta kigae kigumu, unakigonga mezani kinalia. Haya yangu ikapita kesho, keshokutwa na wiki, bado ute. Kidole gumba kilibaki kimechapwa kwenye boksi kama pale ofisi za NIDA. Mteja alikuja na mpiga besi wake, wakashika, wakatazamana. Hiyo aibu sitaielezea.

Nilipomrudia akaja na jibu tayari: unyevu wa Dar. Uongo mtupu. Unyevu kwenye klia ya kopo moja unaleta ukungu mweupe juu, kwa sababu thina ikiruka inapoza uso wa rangi na mvuke unatua pale. Hauiachi klia ikiwa laini kwa wiki. Na joto la Dar linaiharakisha 2K, haliicheleweshi. Akasema basi choma kwenye oveni. Ukiingiza klia iliyojaa thina kwenye joto la ghafla inachemka na kutoa malengelenge. Halafu oveni gani, ya mikate? Moshi wa rangi na chakula cha watoto havikai pamoja.

Huyu mtu afungiwe duka. Sisemi aonywe, nasema afungiwe, anyang'anywe leseni, na yale makopo yapelekwe dampo la Pugu yakafukiwe. Tume ya Ushindani wana Sheria ya Alama za Bidhaa mkononi, waitumie. Bidhaa bandia si mikoba na viatu tu. Tena hili ni la afya: ukiambiwa ni 2K unavaa barakoa ya mkaa na kupuliza nje, kwa sababu isosianeti inaharibu mapafu. Mwingine kesho atauziwa 2K kweli kwenye chupa isiyo na lebo akaambiwa ni "klia ya kawaida", apulize jikoni bila kitambaa. Hapo ndipo tutaamka? Mimi ningependa apewe boksi moja la alumini na bidhaa zake mwenyewe, asimame juani mpaka ikauke.

Dalili, kwa wanaouliza. Hadina isiyo kwenye kopo lake la chuma, acha. Hadina halisi ni nzito kidogo kuliko thina, na iliyozeeka ina fuwele kwenye kifuniko au imekuwa na ukungu. Yake ilikuwa nyepesi kama maji. Lebo lazima iwe na uwiano na onyo la isosianeti. Changanya kijiko kimoja pale pale dukani, ondoka nacho kwenye kifuniko cha soda, na usilipe salio mpaka kesho yake. Akikataa, umeshajua. Thina yake idondoshee kwenye kioo: ikiruka ikaacha duara la mafuta, ina mafuta ya taa, na rangi itakufanyia vishimo. Risiti ya EFD mbovu kila siku nayo ni dalili, ila kwa nchi hii sijui nani atabaki.

Waliokwisha kupaka: kinachofariji ni kwamba inatoka kirahisi, kitambaa na thina nzuri vinatosha. Msitumie magadi ya kuzibulia mabomba, yanaila alumini yenyewe na kutoa gesi inayowaka. Osha kwa sabuni ya vyombo, piga 320, futa kwa spiriti, na praima iingie saa hiyo hiyo. Ndani kwangueni rangi kuzunguka tundu ya jeki, mita ioneshe umeme unapita (ethi) kutoka jeki hadi boksi, la sivyo pedali itavuma mkamsingizia hata hilo.

Mwenye chupa yake ambayo haijamalizika asiimwage. Andika tarehe uliyonunua, hifadhi ujumbe wa malipo, na nitumie inboksi. Mpelelezi ameomba sampuli kutoka kwa wanunuzi tofauti, na mpaka sasa iliyoko mezani kwake ni yangu tu.