Breki za baiskeli ya umeme: ipi ununue, ipi uiache dukani

Baiskeli ya kawaida ina kilo 13 hadi 15. Ya umeme, ukijumlisha mota na betri, hufika 25 na nyingine 30, na mwenye nayo hakubali tena kwenda mwendo wa pole. Shida iko kwenye mwendo zaidi kuliko uzito: mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki inazidi mara nne. Baiskeli na mpandaji wake wakiwa kilo 110 kwa jumla, wakienda kilomita 25 kwa saa, breki ina juli 2,650 hivi za kumeza mpaka wasimame. Kwa kilomita 45 kwa saa ni karibu juli 8,600. Zote zinageuka joto kwenye diski, bamba la chuma lenye unene wa milimita 1.8 linalozunguka na gurudumu.

Breki ya kununua basi ni inayohimili joto hilo kila siku, na ambayo pedi zake, vipande vinavyoibana diski, utazipata tena baada ya miezi sita. Hilo la pili husahaulika. Dukani ulizia pedi kwanza, breki baadaye.

Kabla ya kutoa hela

Baiskeli nyingi za bei ya chini huja na breki za diski za waya ambazo si mbovu kiasi hicho. Walipobana bei ni kwenye pedi na ganda la waya. Ganda la kawaida limesokotwa kama springi. Ukikamata breki kwa nguvu linabonyea na kumeza nguvu ya mkono wako. Weka ganda la breki lisilobonyea, lenye nyuzi za chuma zilizonyooka, pamoja na waya usioshika kutu. Mombasa au Unguja, ambako chumvi iko hewani, waya wa kawaida hukwama ndani ya ganda kwa kutu bila wewe kuona lolote nje. Usidanganyike ukatumia ganda la gia: nalo lina nyuzi zilizonyooka, lakini halikutengenezwa kwa nguvu ya breki na linaweza kupasuka ukiwa mteremkoni.

Kisha rekebisha kalipa, yaani kifaa kinachobeba pedi na kuzibana kwenye diski. Breki nyingi za waya husukuma pedi moja tu. Ya ndani imetulia. Pedi hiyo ya ndani isogeze hadi ibaki nafasi ya unene wa kadi kati yake na diski. Watu wengi hukaza waya badala ya kusogeza pedi, na hapo mkono wa kalipa unaanza safari yake ukiwa umeshavutwa nusu: nguvu inapungua, na pedi zikilika kidogo tu mkono unafika mwisho wake kabla breki haijashika.

Ukishafanya haya na bado breki inakushinda, nunua. Anza na ya mbele, kwa kuwa uzito huhamia mbele unapofunga breki na gurudumu la nyuma hubaki jepesi. Fedha ikitosha breki moja tu, hiyo ndiyo.

Chaguo la kwanza: breki za oili za pistoni mbili

Hizi husukumwa na oili kwenye bomba badala ya waya, na pistoni ndizo zinazobana pedi. Kwa mtu wa kawaida anayekwenda kazini na kurudi, asiyezidi kilomita 25 hadi 30 kwa saa, hizi zinatosha. Shimano MT200 ni mfano mzuri: ya bei nafuu katika jamii yake, inatumia oili ya madini, na pedi za umbo lake hutengenezwa na makampuni mengi. Tektro HD-E350 inafanana nayo kwa kazi, na ina toleo lenye swichi ya kukata mota unapokamata breki. Katika breki hizi pedi za ndani na nje husogea pamoja na hujirekebisha zenyewe kadiri zinavyolika, kwa hiyo huhangaiki na waya kila wiki.

Mbele weka diski ya milimita 180 badala ya 160. Hiyo peke yake inaongeza nguvu ya kushika kwa zaidi ya asilimia 12, na diski hupoa haraka zaidi. Utahitaji adapta ya kuinua kalipa. Kwanza hakikisha foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) inaruhusu diski hiyo, maana kila foku ina kipimo chake cha mwisho na diski kubwa huikaza zaidi.

Soma maandishi kwenye diski. Ikiandikwa “resin pad only”, chuma chake ni laini na pedi za metali zitaila upesi. Pedi za resini hushika vizuri zikiwa baridi na hazipigi kelele, ila kwenye tope na mvua ndefu zinaisha haraka. Za metali hudumu na huvumilia joto, lakini hulia, na huhitaji diski ngumu.

Usichanganye oili. Shimano, Tektro na Magura hutumia oili ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia DOT, ile ya magari. DOT ikiingia kwenye breki ya oili ya madini, mipira ya ndani huvimba na breki imekufa. Faida ya DOT ni kwamba duka lolote la vipuri vya gari linayo. Hasara: hunyonya unyevu, huharibu rangi ya fremu, na inahitaji kubadilishwa mara kwa mara.

La pili, na kwa wabeba mizigo la kwanza: pistoni nne

Ukibeba abiria au mizigo, au ukiishi penye vilima kama Kigali, Lushoto au Mbeya, ruka moja kwa moja hadi hapa. Pistoni nne hubana pedi ndefu zaidi. Joto linaenea na mkono hauchoki kwenye mteremko mrefu. Tektro HD-E725 imetengenezwa kwa ajili ya baiskeli za umeme. Shimano MT520 na Magura MT5 nazo ni za kuaminika. Zifunge na diski ya milimita 203 mbele na 180 au 203 nyuma. Kununua kalipa ya pistoni nne halafu kuibania diski ya 160 ni kutupa fedha.

Kama mota iko kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, pima nafasi kabla ya kununua. Kifuniko cha mota huwa kipana, na kalipa nene hukigusa. Kasoro hii hugunduliwa boksi likishafunguliwa na muuzaji hapokei tena.

La tatu: waya juu, oili chini

Hapa kalipa ni ya oili lakini inavutwa na waya, kwa mfano Zoom HB-100. Inafaa aliyefunga mota mwenyewe na hataki kuacha mikono yake ya breki yenye swichi. Hushika kuliko waya mtupu, japo haifikii oili kamili, na bado inahitaji ganda zuri.

La nne: waya mtupu

Chagua inayosukuma au kurekebisha pedi pande zote mbili, kama Avid BB7. Angalia mkono wa breki: BB7 ya baiskeli za milimani huvuta waya mrefu, ya barabarani huvuta mfupi. Ukizichanganya, breki ama itakuwa laini kama sifongo au ngumu isiyoshika. Sifa yake kubwa ni kwamba fundi yeyote mwenye waya na koleo anaitengeneza.

Breki za kubana rimu hazifai kununuliwa kwa baiskeli ya umeme. Kama ndizo ulizonazo na fremu haina matundu ya kalipa, weka pedi bora na uchunguze rimu: ukuta wake unalika, na mfereji wa alama ukifutika, rimu imekwisha.

Swichi ya kukata mota

Baiskeli yenye akselereta (kishikio cha kuendesha mota bila kupiga pedali) inatakiwa ikate umeme mara tu breki inapoguswa, la sivyo breki inapigana na mota. Ukibadilisha mikono ya breki, linganisha soketi: idadi ya pini, na kama swichi hufunga au hufungua mzunguko inapovutwa. Ukiweka aina isiyo sahihi, mota haiwaki kabisa, au haikatiki. Mikono isiyo na swichi unaweza kuibandikia kihisi cha sumaku. Mota za katikati zinazopima nguvu ya miguu, kama za Bosch, hazihitaji swichi.

Breki ya mota inayorudisha umeme kwenye betri kwa kawaida ni ya mota isiyo na gia za ndani. Mota ndogo ya habu yenye gia kwa kawaida huzunguka bure ukiacha kuiendesha, kwa hiyo tangazo linalodai kwamba hiyo nayo inachaji betri mteremkoni lipuuze.

Kufunga

Futa diski kwa spiriti safi na usiiguse kwa vidole. Legeza bolti mbili za kalipa, kamata breki kwa nguvu ili kalipa ijikalishe yenyewe katikati, kisha kaza bolti kwa zamu hadi nyutoni-mita 6 hadi 8. Pedi iliyopata oili ya mnyororo au dawa ya kutoa kutu haisafishiki vizuri, itupe.

Pedi mpya hazishiki mpaka zizoeane na diski. Tafuta barabara tupu, fika kilomita 20 kwa saa, punguza hadi mwendo wa kutembea bila kulifunga gurudumu, mara 20 kila breki. Ukiruka hatua hii pedi hung'aa kama kioo, hulia, na huteleza.

Badilisha diski ya 1.8 inapofika milimita 1.5, na pedi kabla bamba lake la chuma halijagusa diski. Gurudumu likitolewa, usikamate breki ya oili bila kuweka kipande kati ya pedi. Pistoni zitatoka na zitahitaji kurudishwa taratibu kwa bisibisi pana. Na baiskeli ikipinduliwa kuziba pancha, mapovu madogo ya hewa huweza kuhamia kwenye bomba la oili. Ukiisimamisha, pampu mkono wa breki mara kumi kabla ya kuondoka. Ukibaki laini, oili ina upepo, na fundi aliye na sirinji na oili sahihi atautoa kwa nusu saa.