WiFi Analyzer: nilivyoinasa ruta iliyofichwa masjala

Wiki nzima kompyuta za ofisini kwetu, hapa Dar, zilikuwa zinagoma ovyo. Hii ina mtandao, ya pembeni yake haina. Nikachungulia anwani za IP, zile namba ambazo kila kompyuta hupewa mtandaoni: za zilizogoma zote zilianza na 192.168.0, ilhali zetu huanza na 10. Basi kuna mtu kachomeka ruta ya nyumbani ukutani, nayo inagawa anwani zake. Amri ya arp -a kwenye kompyuta iliyogoma ikanipa namba ya MAC ya huyo mgeni, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Kumpata alipo, jengo la ghorofa tatu, ndiyo shughuli.

Nikapakua WiFi Analyzer, programu ya simu inayoonyesha mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu na nguvu zake, ile ya bure yenye msimbo huria. Haina matangazo, inataka ruhusa ya mahali ulipo tu, na hilo ni sharti la Android yenyewe. Katika orodha kulikuwa na mtandao mmoja usio na jina, ila BSSID yake, yaani namba ya MAC ya upande wa Wi-Fi, ilitofautiana na ile MAC kwa tarakimu ya mwisho tu. Ruta nyingi ndivyo zilivyo. Huyo huyo!

Mwanzoni iliniudhi. Nahama chumba, kipimo kimeganda. Tangu Android 9, programu inaruhusiwa kuskani mara 4 tu kila dakika 2. Bahati nzuri, kuanzia Android 10 kuna swichi ya kizuizi hicho kwenye mipangilio ya wasanidi programu. Nikaizima, mambo yakanyooka.

Nguvu ya mawimbi ngazini ilikuwa -82, ghorofa ya pili -67. Ni namba hasi hizi, inayokaribia sifuri ndiyo yenye nguvu. Makadirio ya umbali kwa mita yapuuze kabisa, kuta huyavuruga. Mimi niliishika simu kifuani nikawa nageuka taratibu: mwili unazuia mawimbi, kwa hiyo namba ikishuka ujue ruta iko mgongoni kwako.

-41. Masjala, nyuma ya maboksi ya mafaili. Nikamwamkia mzee wa pale, wala hakukana: "Marahaba. Sasa kijana, huku kwangu mtandao wenu haufiki, nifanyeje?"

Naipa nyota 4 kati ya 5. Inaona vifaa vinavyorusha mtandao tu; simu au laptopu iliyojiunga kinyemela haitaiona. Kwa kazi hiyo tafuta programu ya Kismet, pamoja na kadi ya Wi-Fi inayoweza kusikiliza kila kinachopita hewani.

Mzee tumemvutia waya wake. Ruta ninayo drooni, bado hajaja kuidai.