Utumbo Uliojisokota: Mpira au Kisu?
Tumbo limevimba kama ngoma, choo hakitoki, hata ushuzi hakuna. Eksirei inaonyesha kivuli kama punje kubwa ya buni: sehemu ya mwisho ya utumbo mpana imejisokota.

Kupitisha kamera na mpira (mrija laini) kwenye njia ya haja kubwa huutoa upepo, na mgonjwa hupata nafuu bila kupasuliwa. Lakini utumbo ule mrefu bado upo, na mara nyingi hujisokota tena. Upasuaji ni mzito zaidi, ila huondoa kipande chenyewe. Mimi ningeanza na mpira, kisha kisu siku chache baadaye, kabla mgonjwa hajarudi nyumbani.

Akiwa na homa na tumbo gumu, huenda utumbo unaoza. Mpira uachwe, apasuliwe mara moja.