Sensa ya kuona maji ndani ya chupa, ile ya nanomita 1450: inastahili bei yake, lakini soma hii kabla ununue

Wasee mnaofanya kazi kwa laini za kujaza maji, juisi ama sabuni ya maji, hii ni yenu. Tulifunga sensa ya infraredi ya nanomita 1450 (hiyo namba ni urefu wa mawimbi ya mwanga wake) kwa laini yetu ya chupa za nusu lita hapa Industrial Area, Nairobi, na kila fundi akiskia bei anashtuka anauliza kwani inafanya nini ile sensa ya kawaida ya taa nyekundu haiwezi. Kampuni sitaji, ziko kadhaa zinazotengeneza za aina hii na zote zinafanya kazi kwa njia moja.

Shida mnaijua. Chupa haina rangi, maji hayana rangi, na taa nyekundu inapenya vyote viwili. Nyekundu ya nanomita 650 ikipita kwa mita nzima ya maji safi bado inatoka na karibu asilimia 70 ya nguvu yake, sasa kwa chupa ya sentimita sita utaona tofauti gani? Kenye inabadilika ni vile chupa ya mviringo ikijaa inapinda mwanga, na hiyo huwezi kuitegemea, juu chupa ikiinama kidogo kwa konveya mwanga unaenda kwingine na mashine inakataa chupa iliyojaa vizuri. Ukipandisha sensitiviti unatupa chupa nzuri, ukishusha unapitisha zenye upungufu, na upungufu ukifika dukani ni kesi na watu wa mizani na vipimo, sheria iko, Sura ya 513 ya Sheria za Kenya.

Kwa 1450 mambo ni mengine kabisa. Ule muungano wa oksijeni na haidrojeni ulio ndani ya maji unameza mwanga wa hapo karibu wote, milimita moja tu ya maji inaondoa kama asilimia 95. Plastiki ya PET, ile ya hizi chupa, nayo inauachilia upite. Kwa hivyo kwa hii sensa chupa ni kama haipo na maji ni ukuta. Kwa ile skrini ndogo ya nyuma utaona yenyewe, chupa tupu ikipita namba ya mwanga unaofika kwa kipokezi inashuka kidogo tu, yenye maji ikipita inaanguka karibu na sifuri, na pengo la katikati ni kubwa hadi huhitaji kucheza na setingi kila shifti. Hapo ndio niliipenda kabisa. Hata ile mitungi ya plastiki nyeupe ya ukungu, ambayo macho yako yanaona kivuli tu, inasoma levo yake sawa.

Bei ni mara kadhaa ya ile nyekundu, na sababu iko. Silikoni, ile inayotumika kwa sensa nyingi na kwa kamera za simu, haioni kitu ukipita kama nanomita 1100, kwa hivyo kipokezi cha hii kinatengenezwa na mchanganyiko wa indiamu, galiamu na aseniki, na hiyo si ya bei rahisi popote duniani. Na hapo kuna jambo mafundi wengi litawachanganya, ile mbinu yetu ya kuwasha kamera ya simu kuangalia kama rimoti inatoa infraredi, hapa haifanyi kazi. Utaangalia utaona giza uanze kusema umeuziwa kitu imekufa, kumbe iko sawa, ni simu haiwezi kuiona. Pima kwa namba za kipokezi, si kwa simu.

Sasa pale inasumbua. Kwanza, usiifunge karibu na mashine ya kujaza. Chupa ikitoka hapo bado maji yanacheza, matone yameshika ukuta wa ndani juu ya levo, na tone likikaa mbele ya mwanga sensa inalihesabu ni maji, na kweli ni maji, kwa hivyo chupa yenye upungufu inapita kama imejaa. Sisi tuliisogeza mbele kwa konveya, mbali kidogo baada ya mashine ya kufunga vifuniko, mahali maji yametulia, tukafunga na kibati chenye mwanya mwembamba mbele ya lenzi ndio isome mstari wa levo peke yake. Tofauti ilionekana siku hiyo hiyo. Sensa ya kawaida tuliiacha iangalie kifuniko cha chupa ndio iambie PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha laini, saa ya kusoma imefika, halafu silinda ya hewa inasukuma chupa mbaya nje.

Pili ni jasho la nje. Kama mnajaza soda ama maji ya gesi yakiwa baridi, chupa inatoka imelowa, na huo unyevu nao unameza mwanga. Wekeni hewa ya kupuliza kabla ya sensa na mpanguse lenzi, hakuna njia ya mkato hapo.

Tatu, usinunue hii kwa mafuta ya kupika. Mafuta hayana maji, kwa hiyo hayaumezi mwanga wa 1450 hivyo, utalipa pesa nyingi na utabaki na shida ile ile. Sanitaiza yenye pombe nyingi inaonekana lakini pengo la namba linapungua, ipime kwanza. Juisi, siki, sabuni ya maji, hata maji ya kuoshea mabomba yenye kostiki, hizo zote ni maji kwa wingi, haina shida.

Kwa usafi, angalia ile imeandikwa IP69K, alama ya kiwango cha kuzuia maji, kama mnaosha laini kwa presha na maji moto. IP67 ni ya kuzama kwenye maji kwa muda mfupi, jeti ya maji moto kutoka karibu ni kitu ingine.

Mahali pa kununua, Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki mjini, utapata sensa za kila aina lakini ukiuliza urefu wa mawimbi wengi watakuambia infraredi ni infraredi. Si kweli, ya 850 ama 940 haitakusaidia kwa hii kazi. Duka tulilonunua liko huku huku Industrial na kitu nilichopenda kwao ni kwamba walikubali tubebe chupa zetu, tupu na zilizojaa, tukapimia hapo kwa kaunta kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa hiyo, enda kwa mwingine. Na ununue waya wa akiba wa pini nne siku hiyo hiyo, juu kwa laini yenye maji kiunganishi ndicho huharibika kabla ya sensa yenyewe na kungoja waya mmoja ukitoka nje ya nchi na laini imesimama ni hasara bure.