Kifurushi cha timu moja cha NBA: picha safi, staa hayupo

Nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili nazitoa kwa sababu ya picha tu. Naongelea kile kifurushi cha msimu mzima cha kuangalia timu moja ya NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, unachagua timu mwanzoni, unalipa kwa mkupuo, basi mechi zao zote 82 unaziona laivu au marudio. Mi nilichukua Philadelphia 76ers msimu wa 2024-25 na sababu ilikuwa mtu mmoja, Joel Embiid, na nahisi wengi wetu Afrika tuliishika hii timu kwa njia hiyo hiyo, dogo katoka Yaoundé kule Kameruni, kikapu kaanza kucheza ukubwani tu, Mkameruni mwenzake aliyekuwa anacheza NBA, Luc Mbah a Moute, kamuona kwenye kambi yake, 2014 anachaguliwa wa 3 kwenye drafti, pale timu za NBA zinapogawana vijana wapya, 2023 anabeba MVP, tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Nani asimpende huyo.

Sasa huyo mtu kwenye mechi 82 kacheza 19. Kumi na tisa jamani!

Apu yenyewe sina ugomvi nayo sana. Neti ikiwa nzuri picha inatoka safi haikwamikwami, bando likiwa la kuungaunga unashusha ubora na bado namba za mgongoni unazisoma. Kuna mechi zilizofupishwa, wamekata taimu auti na ule muda wa watu kutembea tembea, hizo kwa sisi ambao mechi zinapigwa usiku wa manane ni msaada mkubwa mno. Kuna na sehemu ya kuficha matokeo ili asubuhi uangalie ukiwa hujui nani kashinda, ila notifikesheni za apu hiyo hiyo zinakutumia matokeo kwenye skrini ya simu, sasa umeficha nini? Zima notifikesheni zote kabla hujaanza kutumia, nimewaambia.

Kinachoniudhi ni hiki. Ukurasa wa kulipia una sura ya Embiid kubwaa, ukiingia ndani Embiid, ukifungua ratiba ya timu Embiid, yaani utadhani unamnunua yeye. Alafu unaamka usiku, unafungua mechi, kamera inaenda benchi unamkuta kavaa nguo zake za nyumbani anapiga makofi. Na sio kwamba taarifa hakuna, NBA inazibana timu zitangaze hali za majeruhi ikifika saa 11 jioni ya siku moja kabla ya mechi, kwa hiyo mambo yote yanajulikana mapema kabisa. Wangeweka mstari mmoja tu kwenye ukurasa wa mechi, fulani yupo, fulani hayupo, fulani bado wanamwangalia, mtu uamue kama unakatisha usingizi au unalala. Hawaweki, na mi naona wanajua kabisa kwanini hawaweki.

Haya tuje kwenye mkataba wa Embiid maana huwezi kuongelea kuangalia Sixers, yaani hao 76ers, ukauruka. Januari 22, 2024 huyu mtu kawapiga timu ya San Antonio pointi 70, kavunja rekodi ya klabu iliyokuwa ya Wilt Chamberlain, 68. Siku nane baadae wako kwa Golden State, mchezaji wao Jonathan Kuminga kamwangukia mguu wa kushoto, ikaumia meniskasi, ile gegedu ya ndani ya goti, Februari yuko chumba cha upasuaji. Karudi Aprili akiwa bado anachechemea, kwenye pleyofu, ule mtoano wa mwisho wa msimu, na timu ya Knicks kapiga pointi 50 kwenye mechi moja huku upande mmoja wa uso umepooza kwa ule ugonjwa wa Bell's palsy, jicho halifungi vizuri, na bado wakatolewa. Kaenda Paris na timu ya Marekani kabeba dhahabu ya Olimpiki. Septemba hiyo hiyo, mkataba wa zamani bado haujaisha, menejimenti inamuongezea miaka 3 mingine ya dola kama milioni 193, unaenda mpaka 2028-29. Kwa goti lile lile!

Watu wengi wanamtukana yeye, mi hapo siko nao. Hela imewekwa mezani ungeikataa wewe? Na hao wanaosema mvivu wakumbuke misimu yake miwili ya kwanza kwenye ligi hakugusa uwanja kwa sababu ya mfupa wa mguu, mtu wa futi 7 mwenye uzito ule akiruka na kutua kila siku mwili unadai, hajajivunja makusudi. Wa kuulizwa ni aliyeshika kalamu upande wa pili wa meza. Mkataba wa NBA sio kama kibarua kwamba mtu asipoonekana unamkata, hela ikishahakikishwa inalipwa acheze asicheze, na inaendelea kula nafasi kwenye ule ukomo wa mishahara ambao ligi inaziwekea timu, kwa hiyo hata kumleta mtu wa kumsaidia Tyrese Maxey, staa mwingine wa timu, inakuwa kazi. Mshahara wake msimu ule ni kama dola milioni 51, gawanya kwa 19 upate karibu milioni 2.7 kwa mechi. Na juu yake walishamchukua staa mwingine, Paul George, kwa miaka 4, dola milioni 212, nae kacheza mechi 41. Timu ikamaliza 24-58, yaani imeshinda 24 imefungwa 58. Timu ambayo watu walikuwa wanaiweka kwenye hesabu za ubingwa, ubingwa ambao Philadelphia haijauona tangu 1983.

Ila kilichonitoa kwenye stimu kabisa sio hela, ni kufichwa. Oktoba 2024 ligi iliipiga timu faini ya dola 100,000 kwa sababu kauli zao hadharani kuhusu afya ya Embiid zilikuwa haziendani na hali yake halisi. Laki moja! Kwa timu inayolipa mishahara hiyo ni hela ya maji. Shabiki huku unaambiwa anaendelea vizuri, wiki ijayo, wiki inayofuata, Novemba anarudi, anakaa nje tena, Februari mwishoni wanatangaza msimu wake umeisha, Aprili goti linafanyiwa tena upasuaji. Na kifurushi ulishalipa kwa mkupuo, hakuna kurudishiwa hata senti.

Kwa hiyo kama unakitaka, chukua cha mwezi mwezi. Kwa jumla kitakula hela zaidi, sawa, ila mwezi ambao staa wako yuko kwa daktari unaupita tu. Kama ni wa Maxey basi chukua msimu mzima, dogo anakimbia kinoma, ingawa nae msimu ule alikosa mechi kibao. Na kama we ni wa timu ambayo mastaa wake wazima, ongeza nyota moja kwenye hizi zangu.

Kingine, kinajilipia chenyewe msimu mpya ukianza. Kitufe cha kuzuia hakipo kwenye ukurasa wa malipo, kipo ndani kabisa kwenye akaunti, chini ya taarifa zako binafsi, kitafute kabla ya Oktoba.