AC ya Nissan Leaf katika fukuto la Malindi: inapoza vizuri, mradi isitiwe oili ya PAG

Mwezi wa Machi, kaskazi imelala na kusi haijaanza, gari likiachwa juani saa moja hata usukani haushikiki. Hapo ndipo AC ya Leaf, gari la umeme la Nissan, inapopimwa, na inafaulu. Kompresa yake haitegemei injini wala mkanda. Inazungushwa kwa umeme wa betri kubwa, kwa hiyo baridi ni ile ile gari likiwa limekwama kwenye foleni ya Mtwapa au likienda mbio. Likiwa kwenye chaja nyumbani, unaweza kulipoza kabla hujatoka kwa umeme wa ukutani, chaji ya safari ikabaki salama.

Habari ya kwamba AC inamaliza chaji imetiwa chumvi. Gari likiwa tanuri, inaanza kwa kilowati 2 hadi 3. Kukishapoa inashuka hadi 1 hivi au chini yake. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Kwa saa mbili na nusu utakuwa umetumia kama kilowati-saa 2.5, sawa na kilomita 15 hivi za mwendo. Mwenye Leaf ya betri ya kilowati-saa 24 iliyochoka azihesabu hizo 15, ingawa yeye huenda akahitaji kuchaji njiani hata bila AC. Mwenye ya 40 asijisumbue.

Ikiacha kupoza, usikimbilie gesi. Hakikisha kwanza gari liko READY, yaani tayari kwenda. Likiwa limewashwa bila kufika READY, feni inaweza kupuliza lakini kompresa haizunguki. Zima ECO, ile hali ya kubana matumizi ya umeme, maana inabana nguvu ya AC. Funga hewa ya nje, weka baridi ya mwisho, kisha tia kipima joto kwenye tundu la katikati. Baada ya dakika tano, nyuzi 7 hadi 12 ni sawa kwa joto letu hili. Upepo wenyewe ukiwa hafifu, angalia filta ya ndani. Ikiwa kapeti ya mbele ina maji, bomba la kutoa maji limeziba. Hilo si tatizo la gesi.

Kipimo chenye manufaa kuliko vyote kiko kwenye gari lenyewe. Zile zenye skrini kubwa zina ukurasa wa nishati unaoonyesha AC inakula kilowati ngapi. Ikiwa karibu na sifuri ilhali ndani kunachoma, kompresa haizunguki: tazama fyuzi, sensa ya shinikizo, na ile betri ndogo ya volti 12, ambayo ikidhoofika huleta vituko visivyoeleweka. Soma kodi za hitilafu kwa LeafSpy, programu ya simu, na kisomaji cha OBD kinachochomekwa kwenye gari, kabla ya kufungua kitu. Ikiwa inakula umeme vizuri lakini haipozi, mara nyingi tatizo liko kwenye gesi au kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari.

Na kondensa ndiyo inayoumia pwani. Anayekwenda Gongoni na Ngomeni kwenye mashamba ya chumvi, au anayeegesha akiuelekea upepo wa bahari, vibati vyake vyembamba huliwa taratibu mpaka gesi ianze kupenya. Ioshe kila mwezi kwa maji ya mfereji yasiyo na nguvu. Mashine ya kuoshea magari hulaza vibati, na maji ya kisima chenye chumvi ni kuongeza ugonjwa. AC ikipoza ukienda na kuchemka ukisimama, tazama kwanza feni ya mbele.

Sasa gesi. Bandiko chini ya boneti linataja aina na uzito wake. Tia kwa mizani, si kwa kukisia geji. Ikiwa ni gesi ya R134a, gari likiwa limezimwa na kupoa kivulini kwenye nyuzi 30, geji zote mbili za shinikizo zisome karibu psi 97. Chini sana ya hapo, gesi imetoka na kuna tundu. Zikisoma 97, usiseme imejaa: shinikizo hilo halibadiliki maadamu gesi iliyogeuka kimiminika ingalipo ndani, hata ikiwa kidogo.

Hatari yenyewe ni oili. Magari ya petroli mengi hutumia oili ya kompresa aina ya PAG. Kompresa hii ina waya za umeme mkubwa zinazooga ndani ya oili, nayo hutaka oili aina ya POE isiyopitisha umeme. PAG kidogo tu, hata ile iliyobaki kwenye mipira ya geji ya fundi, hushusha kinga ya umeme. Gari linahisi uvujaji na kompresa inakataa kazi. Rangi ya kutafutia uvujaji nayo iwe ya POE, na zile kopo za kuziba matundu zisikaribie kabisa. Tena POE hunywa unyevu wa hewa upesi, kwa hiyo bomba lililofunguliwa lizibwe papo hapo, lisilale wazi usiku kucha, na vakyumu ivutwe walau dakika 45. Nyaya za rangi ya chungwa haziguswi kabla plagi ya usalama haijang'olewa na dakika 10 kupita.

Jambo moja la kushukuru: Leaf ya kizazi cha kwanza na cha pili haipozi betri yake kwa AC, tofauti na magari mengi mapya ya umeme. AC ikifa kwa kukosa gesi tu, utatoka jasho, lakini gari litachaji na kwenda.

Ukikagua ya kununua, mulika viungo vya mabomba. Ukiona kijani kinachong'aa, yaani ile rangi ya kutafutia uvujaji, au nati zenye alama za spana, muulize muuzaji ilitiwa oili gani. Akijibu “ya kawaida”, toa bei ya kompresa nzima kwenye hesabu, au mwachie gari lake.