Fimbo ya Kuvulia ya Vipande Sita: Miezi Minne Nayo Juu ya Mawe ya Luchelele

Seti ninayoizungumzia hapa niliinunua jijini Mwanza kwa shilingi 60,000, katika duka ambalo sitalitaja, na tangu siku hiyo nimeitumia karibu kila Jumamosi kuvulia samaki wa kitoweo kutoka ukingoni mwa Ziwa Victoria, upande wa Luchelele, bila kupanda mtumbwi hata mara moja. Mfukoni mwake kuna fimbo ya vipande sita vinavyoingiana, ambayo ikivutwa yote hufikia mita 2.7 na ikirudishwa hubaki fupi kiasi cha kulala magotini ndani ya daladala. Kuna gurudumu la kukunjia mshipi, mshipi wa nailoni ambao tayari umeviringishwa, maboya mawili, kiboksi cha ndoano na chubwi za risasi, pamoja na samaki watatu wa plastiki wa kutumika kama chambo bandia. Muuzaji aliniahidi sangara wa kilo tano nikiwa nimesimama nchi kavu. Mimi nilikuwa nataka sato wawili au watatu wa kutosha mlo wa jioni, na ni kwa kipimo hicho ninaitolea hukumu.

Nianze na fimbo yenyewe, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee iliyostahili fedha zangu. Wengi wanaovua ukingoni hutumia mshipi wa mkono uliozungushiwa chupa ya plastiki, na ili chambo kiyapite majani na mawe ya karibu hulazimika kuingia majini hadi magotini, wakati mwingine kwa saa nzima, katika ziwa ambalo kichocho chake kinajulikana na kila mtu. Vimelea vya ugonjwa huo hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya binadamu, na hutoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali kuelekea mchana. Kwa fimbo hii ninasimama juu ya jiwe kavu, nikiwa na viatu miguuni, na chambo changu kinaangukia mita kumi na tano hadi ishirini mbele, pale ambapo maji yanaanza kuwa na kina. Sidai kwamba fimbo ni kinga kamili, kwa maana mikono hulowa tu wakati wa kumtoa samaki, lakini tofauti ya kusimama juu ya jiwe na kusimama ndani ya maji si ndogo. Aliyewahi kuona macho ya mamba yakielea jioni ataongeza sababu yake mwenyewe.

Mshipi uliokuja na seti ni suala jingine. Ni mnene mno, mgumu, na umekaa kwenye gurudumu muda mrefu kiasi kwamba ukiuachia hutoka kwa mikunjo kama chemchemi ya kalamu, ukijifunga mafundo kabla chambo hakijagusa maji. Sato ni samaki mwenye macho makali na tahadhari nyingi, hasa asubuhi maji yanapokuwa yametulia, na mshipi mnene humfukuza kabla hajasogea. Jumamosi tatu za mwanzo nilirudi nyumbani mikono mitupu. Siku ya nne niliung'oa wote, nikanunua mshipi mwembamba wa milimita 0.25 kwa shilingi 5,000, na asubuhi hiyohiyo nikapata sato wawili.

Ndoano nazo zilichaguliwa na mtu ambaye bila shaka hajawahi kumtazama sato mdomoni. Nyingi ni kubwa za kumfaa sangara, ilhali sato ana mdomo mdogo na hali kwa pupa. Chakula chake kikuu ni mwani, vijidudu na wadudu wa majini, kwa hiyo chambo hukichezea, hukinyonya, hukitema, kisha hukirudia. Ndoano kubwa huishia kuvuliwa nyungunyungu wote huku boya likitikisika kwa dharau. Namba 10 au 12 ndiyo inayofaa, na asiyezoea akumbuke kwamba kadiri namba inavyopanda ndivyo ndoano inavyozidi kuwa ndogo. Mzee mmoja aliyekuwa akivua jiwe la pili aliniangalia nikihangaika na ndoano za dukani, akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni ya kutundikia nyama." Akanipa mbili za kwake. Hadi leo sijatumia tena zile za kwenye kiboksi, ambazo kwa vyovyote vile zilishika kutu ndani ya mwezi mmoja.

Boya, kwa upande wake, ni zuri kuliko nilivyotarajia. Ni jembamba, linalala ubavu samaki anapokinyanyua chambo, na linazama polepole anapoondoka nacho. Hapo ndipo pa kushtua mshipi kwa kiganja, si kwa bega. Ninachimba nyungunyungu kwenye udongo wenye unyevu chini ya migomba, ninamkata kipande cha kufunika ndoano tu, na ninatega nusu mita juu ya sakafu ya ziwa, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu hivi, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Wakati wa kuzaliana, dume la sato huchimba kiota kama sahani kwenye mchanga wa maji mafupi na kukilinda kwa ukali, naye jike huatamia mayai mdomoni. Kwa kuwa jike anayeatamia hali chakula kwa kawaida, ndoano humkosa mara nyingi, jambo ambalo nyavu haziwezi kujivunia.

Wale samaki watatu wa plastiki sina la kuwasifia. Kila mmoja ana ndoano mbili zenye matawi matatu, na katika mawe ya Luchelele ndoano ya namna hiyo hunasa jiwe kabla ya samaki. Wawili walibaki majini siku ya kwanza. Wa tatu alinipatia sangara mmoja, wa sentimita 30 kwa kukadiria, nikamrudisha, kwa kuwa sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Kwa sato, kipimo cha chini ni sentimita 25, na nimechora alama ya kipimo hicho kwenye mpini wa fimbo ili nisibishane na tamaa yangu. Kwa atakayeanza, ni vyema apite kwanza kwa ofisa uvuvi au kwa BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi, ya mwalo wa karibu ili aelezwe kuhusu leseni na maeneo yaliyofungwa.

Katika samaki wengine wanaopatikana ukingoni kwa seti hii, kambare huja jioni na hula chochote, ana nyama nyingi isiyo na miiba midogo, ingawa majirani zangu Wasabato hawamgusi kwa sababu hana magamba. Akitoka kwenye matope huwa na harufu, ambayo huondoka akisuguliwa kwa chumvi na ndimu. Gogogo ni mtamu kwenye mchuzi, ila miiba yake ya mapezi hujifunga wima na ina meno kama msumeno; mshike kwa kitambaa. Furu ni mdogo, lakini aliyekaushwa moto vizuri sina ugomvi naye.

Hata hivyo, kwa ulaji, sato anawapita wote. Huyu tunayemvua leo aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950, naye amelizoea kuliko wenyeji wengi. Ili awe mtamu nyumbani, kazi huanza juu ya jiwe: ninamkata matamvua mara tu anapotoka ili damu ichuruzike, ninampasua tumbo na kumwosha kwa maji niliyotoka nayo nyumbani, kisha anaingia kwenye deli dogo lenye barafu. Tofauti huonekana kwenye kikaango, nyama inapoachana na mfupa kwa vipande vyeupe badala ya kuvurugika. Mahali pa kuvua pia pana uzito. Karibu na Mto Mirongo unapoingia ziwani, ukiwa umekusanya taka za mji mzima, samaki wapo na wanene, lakini siwezi kuwapeleka mezani kwangu.

Baada ya miezi minne, pete ya pili kutoka ncha ya fimbo imechomoka utando wake wa ndani na ilianza kuukwangua mshipi. Nimeifunga kwa uzi na gundi, na inaendelea. Gurudumu linalia kidogo likikaa bila mafuta, jambo ambalo tone la mafuta ya cherehani hulimaliza. Nilipomrudia muuzaji kuhusu ile pete alinijibu kwamba dhamana ni ya siku saba. Nikijumlisha mshipi mpya na ndoano za namba 12, nimetumia shilingi 68,000 kwa kifaa ambacho nusu yake nimeitupa. Fimbo na gurudumu peke yake vingenitosha, na maduka kadhaa hukubali kuviuza hivyo mteja akisisitiza. Kwa shilingi 35,000 hadi 40,000 ningevinunua tena kesho bila kusita.